Kabla ya kumtoa damu, mwache atembee

Kazi yangu ni damu. Naipokea kwenye vichupa vyenye vifuniko vya rangi, naizungusha kwenye mashine, nasoma namba, natia saini. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama kuna kipimo cha damu kinachoweza kueleza miguu ya mzee fulani ina nguvu kiasi gani na itambeba mpaka lini, angetegemea niipigie debe maabara. Vipimo hivyo vipo, tena si kimoja, na kuna watu Chicago wamevifuatilia kwa zaidi ya miaka ishirini. Lakini ukinipa hiari kati ya kichupa cha damu na korido ya mita 30 ya kumtembeza mgonjwa, nachukua korido.

Ugonjwa ninaouzungumzia ni wa ateri za miguuni. Mafuta na chokaa hujikusanya kwenye kuta za ateri, njia inakuwa nyembamba, na misuli ya mguu haipati damu ya kutosha hasa inapofanya kazi. Ni ndugu wa kiharusi na shambulio la moyo, maana ateri zinazoharibika nyonga na magotini mara nyingi zimeharibika pia shingoni na moyoni. Kwa makadirio yaliyochapishwa mwaka 2019, zaidi ya watu milioni 230 duniani walikuwa nao mwaka 2015, na karibu robo tatu yao waliishi kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwetu sisi. Lakini uliza mtaani miguu ya wazee inaharibiwa na nini, utatajiwa kisukari, utatajiwa presha, utatajiwa hata kurogwa. Ateri za miguu hazitajwi.

Sababu mojawapo ni kwamba wenye ugonjwa wenyewe hawalalamiki. Vitabu vinatufundisha dalili moja safi: unatembea, pindi la mguu (ile nyama ya nyuma, chini ya goti) linabana, unasimama, maumivu yanakwisha ndani ya dakika kumi, unaendelea, yanarudi. Kumbe kwenye uchunguzi mkubwa wa Chicago, ulioongozwa na Dk. Mary McDermott wa Chuo Kikuu cha Northwestern na kuchapishwa mwaka 2001, wagonjwa waliokuwa na dalili hiyo kama ilivyo kitabuni walikuwa karibu theluthi moja tu. Wengine walikuwa na dalili za namna nyingine, na karibu mmoja kati ya watano hakuwa na maumivu yoyote akitembea.

Mjomba wangu ni wa kundi hilo la katikati. Alikuwa fundi wa reli, anaishi Ngamiani, Tanga, kwenye zile barabara zilizopewa namba badala ya majina. Ana kisukari cha muda mrefu na alivuta sigara tangu ujanani mpaka mke wake alipomwekea sharti. Kwa miaka miwili hivi watu walimsifu kwa ucheshi: kila kona anasimama, anasalimia, anauliza habari za watoto, anauliza bei ya nazi ambayo hana haja nayo. Mimi nilipotembea naye kwenda msikitini niliona kitu kingine. Alikuwa anasimama kwanza, ndipo anamtafuta wa kumsalimia.

"Mjomba, miguu inakuuma?"

"Hainiumi. Inachoka tu. Umri huo, mjomba, na wewe utaufikia."

Kituo alichokwenda kwanza walimwambia hilohilo, kwamba ni uzee, wakampa vidonge vya maumivu. Vidonge vya maumivu kwa mtu aliyesema haumwi! Ilichukua muda mpaka akaonana na daktari aliyemwambia avue viatu.

Kipimo cha awali si cha damu wala hakihitaji umeme mwingi. Mgonjwa analala chali, anatulia, presha inapimwa mikononi na kwenye vifundo vya miguu kwa kutumia kifaa kidogo cha Dopla kinachotoa sauti ya damu inavyopita. Presha ya kifundo inagawanywa kwa presha ya mkono. Ikitoka 0.90 au chini, ateri zina tatizo. Mguu wa kulia wa Mjomba ulitoa 0.61. Wa kushoto ulitoa 1.46, na hapo ndipo ndugu walipotaka kufurahi. Daktari akawatuliza: kwa mwenye kisukari cha miaka mingi, ateri hukauka chokaa kiasi kwamba mkanda wa presha hauwezi kuzibana, basi namba inapanda kwa udanganyifu. Zaidi ya 1.40 si afya, ni kipimo kilichoshindwa. Kwa watu hao hupimwa presha ya kidole gumba cha mguu, ambacho mishipa yake haikauki kwa urahisi namna hiyo.

Baadaye wakampeleka koridoni. Hapo sikuwa na kazi, nilikuwa mtazamaji. Alama mbili sakafuni, umbali wa mita 30, saa ya kuhesabia, na maelekezo: tembea kwenda na kurudi kwa dakika sita, ufike mbali kadiri uwezavyo, ukichoka simama, saa haisimami. Nilimtazama Mjomba akitafuta mtu wa kumsalimia na hakumpata. Alisimama mara mbili akiwa ameshika ukuta, akamaliza kwa mita 270. Dakika sita zilitosha kuondoa mjadala wote wa uzee uliokuwa umekaa kwenye familia kwa miaka.

Sasa nirudi kwenye damu, maana ndiyo iliyonifanya nisome habari za Chicago usiku wakati wenzangu wanaangalia mpira.

Madaktari wengi humweleza mgonjwa kwamba bomba limeziba. Mfano huo unaeleweka haraka na una ukweli, ila una kasoro inayowasumbua watafiti tangu zamani: ukubwa wa kuziba hauelezi vizuri uwezo wa kutembea. Unaweza kukuta watu wawili wenye 0.60, mmoja anafika sokoni na kurudi na kikapu, mwingine anashindwa ngazi za nyumba yake. Ingekuwa ni bomba tu, wangelingana. Kwa hiyo lazima kuna jambo linaloendelea ndani ya msuli wenyewe, na damu inayopita huko huenda inabeba habari zake.

Viashiria viwili ndivyo vilivyopata umaarufu zaidi. Cha kwanza ni CRP, protini inayotengenezwa na ini likipata ujumbe kutoka kwa chembe za kinga, hasa kupitia intalukini-6. Tillett na Francis waliigundua New York mwaka 1930 kwa wagonjwa wa nimonia. Inapanda kwa maambukizi, lakini inapanda pia kidogo kidogo na kukaa juu kwa watu ambao kuta za ateri zao zina inflamesheni, yaani kinga imeamka pasipo na mdudu wa kupigana naye. Cha pili ni D-dima. Mwili wako kila siku unagandisha na kuyeyusha damu kwa kiasi kidogo bila wewe kujua. Nyuzi za fibrini zinafungwa, kisha kimeng'enya kiitwacho plasmini kinazikata, na kipande kimojawapo kinachobaki kwenye damu baada ya kukatwa ndiyo D-dima. Ikiwa juu, maana yake mahali fulani kazi hiyo ya kuganda na kuyeyuka imeongezeka.

McDermott na wenzake walichukua damu za watu wa kundi lao, wenye ugonjwa na wasio nao, wakawapima dakika sita, mwendo wa mita nne, uwezo wa kuinuka kitini bila kujishika, kisha wakarudia mwaka hadi mwaka. Waliokuwa na D-dima na CRP za juu walitembea umbali mfupi zaidi na taratibu zaidi. Wengi wao waliendelea kupoteza uwezo kwa kasi kuliko wenzao, na wale ambao viashiria vyao vilipanda kati ya mwaka na mwaka walikuwa kwenye mteremko mkali zaidi. Mwaka 2007 wakaongeza jambo lililonifanya niinue kichwa: walipiga picha za CT za pindi la mguu, wakakuta kwamba penye viashiria vya juu, msuli ulikuwa mdogo na dhaifu zaidi.

Hapo hadithi inaanza kushikana. Msuli unaonyimwa damu unapotembea, kisha ukaipata tena unapopumzika, kisha ukanyimwa tena, hauishii kuchoka. Kila damu inaporudi ghafla huzalisha kemikali kali za oksijeni zinazoharibu mitokondria, vile viwanda vidogo vya nguvu ndani ya chembe. Rudia hilo mara kadhaa kwa siku, kwa miaka kumi. Nyuzi za msuli zinapungua, mafuta yanaingia mahali pake, na kinga inabaki macho. Bomba liliharibika kwanza, lakini sasa hata ukilizibua, kiwanda kilichokuwa kikisubiri maji kimekwisha kuchakaa.

Je, damu ndiyo inayoharibu miguu, au miguu ndiyo inayoharibu damu? Swali hili si la kejeli. Mtu anayeshindwa kutembea hukaa. Anayekaa hunenepa tumboni, na mafuta ya tumbo hutoa intalukini-6 yake yenyewe, ini linapata ujumbe, CRP inapanda. Watafiti walijitahidi kuondoa athari za umri, uvutaji sigara, kisukari na uzito kwenye mahesabu yao, na uhusiano ukabaki. Mahesabu lakini si jaribio. Mimi naamini mambo yanakwenda pande zote mbili kwa wakati mmoja, mguu unaiharibu damu na damu inaumaliza mguu, na ndiyo maana ni vigumu kumkamata mkosaji.

Kuna kitu kimoja ambacho damu inakisema vizuri kuliko korido, nisije nikaonekana msaliti wa maabara. Mwaka 2008 kundi hilohilo lilichapisha kwamba kwa wagonjwa wa ateri za miguu, D-dima na CRP za juu zilihusiana na kufariki ndani ya miaka miwili baada ya damu kuchukuliwa, ila si baada ya hapo. Kiashiria cha damu kinaongea habari za karibu. Kitu kinachotokota sasa kwenye ateri za mtu, kitatokota sasa kwenye damu yake. Kwa mtafiti hilo ni dhahabu.

Kwa mtu mmoja mmoja aliyekaa mbele ya dirisha la maabara yangu, ni balaa. Nieleze.

CRP ya tafiti hizi ni ile ya unyeti wa juu, inayotofautisha kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita. Kipimo cha kawaida cha CRP kilichoko kwenye maabara nyingi ndogo ni cha matone ya lateksi kwenye kadi: yakigandana una 6 au zaidi, yasipogandana tunaandika hasi. Tofauti yote ambayo watu wa Chicago walikuwa wanaijadili ipo ndani ya hiyo "hasi" yangu. Na kama una mashine nzuri, bado unaishi Tanga. Malaria inapandisha CRP. Jino bovu linapandisha. Kidonda cha mguu chenye usaha, ambacho mgonjwa wa kisukari anaweza kuwa nacho bila kukisikia kwa sababu ya ganzi, kinaipandisha mpaka namba ya ateri inamezwa kabisa.

D-dima nayo watu waliijua mwaka 2020 na 2021, wakati wa Uviko, ikawa mtu anaingia na karatasi anaitaja kama anaagiza chai. Inapanda kwa malaria, kwa ujauzito, kwa saratani, baada ya upasuaji, na inapanda kwa umri peke yake, kiasi kwamba madaktari wanaoitafuta damu iliyoganda mapafuni huongeza kiwango cha kawaida kwa kila mwaka baada ya 50. Juu ya hapo kuna vurugu ya vipimio, yaani vizio vya kuandikia jibu: baadhi ya mashine hutoa jibu kwa kipimio kimoja, nyingine kwa kingine, na cha kwanza ni karibu mara mbili ya cha pili kwa damu ileile. Nimewahi kuona mgonjwa aliyeambiwa D-dima yake imepanda maradufu kumbe alibadilisha maabara tu. Na kichupa chenyewe, kile cha kifuniko cha bluu, kisipojazwa mpaka kwenye mstari, dawa ya kuzuia kuganda inazidi damu na jibu linapinda kabla halijafika kwangu.

Sasa linganisha na korido. Haijui malaria ya mwezi uliopita isipokuwa kama bado imekudhoofisha, na kama imekudhoofisha, hilo nalo ni jambo la kujua. Haina vipimio viwili. Na inatabiri. Mwaka 2004 Chicago walionyesha kwamba wenye kipimo cha kifundo chini ya 0.50 walikuwa wakipoteza karibu mita 22 za dakika sita kila mwaka, wa kati ya 0.50 na 0.90 karibu mita 18, na wasio na ugonjwa chini ya mita 4. Kwa wazee, mita 20 ni tofauti ambayo mtu anaihisi maishani mwake. Yaani ndani ya mwaka mmoja tu mgonjwa anapoteza kitu anachokihisi, na kama hakuna aliyempima, atasema ni uzee.

Lakini heshima ya viashiria ilikuwa isimamie kwenye tiba. Kama inflamesheni inaumaliza msuli, izime, tuone. Jaribio dogo lililochapishwa mwaka 2019, lenye watu 38, lilitumia kanakinumabu, dawa ya sindano inayozuia intalukini-1, mjumbe mwingine wa kinga. CRP ilishuka, na watu wakaongeza umbali wa kutembea bila maumivu. Inatia moyo, ila watu 38 hawajazi hata daladala mbili. Jaribio kubwa kidogo la mwaka 2017, lililotumia sindano za kuamsha chembe za uboho ili zitengeneze mishipa mipya, halikuongeza chochote cha maana koridoni. Mwaka 2025 semaglutaidi, ile sindano ya kisukari inayozungumzwa kwa sababu ya kupunguza unene, kwenye jaribio la wagonjwa 792 wenye kisukari na ugonjwa huu, iliwapa walioipata umbali mkubwa zaidi kwenye mashine ya kutembelea, takriban asilimia 13 zaidi ya waliopewa dawa bandia. Nimefurahi kwa ajili yao. Bei yake si ya fundi wa reli aliyestaafu.

Kinachobaki ni kile ambacho Larsen na Lassen wa Denmark walikijaribu mwaka 1966 kwa wagonjwa wachache: kutembea kila siku. Tena kutembea kwa namna isiyopendeza. Mwaka 2021 McDermott alichapisha jaribio la watu 305, wengi wao wakifanya mazoezi nyumbani kwa mwaka mzima na kupigiwa simu na mwelekezi. Kundi moja lilitembea kwa kasi inayoleta maumivu ya mguu, jingine kwa kasi laini isiyoumiza. Wa kwanza waliongeza mita 34.5 kwenye dakika sita. Wa kasi laini walipungua mita 6.4. Mwendo wa kujistarehesha haukumsaidia mtu.

Tahadhari moja kabla hujamwamsha baba yako alfajiri. Maumivu haya ni yale yanayokuja ukitembea na kuondoka ukipumzika. Mguu unaouma usiku ukiwa kitandani, wenye kidole kilichobadilika rangi au kidonda kisichopona, hauhitaji mazoezi bali hospitali, leo. Na mwenye kisukari lazima akaguliwe nyayo kwanza. Dk. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake wameandika kwa miaka mingi juu ya vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari nchini, na kwenye kazi zao ganzi ya neva ndiyo iliyoongoza mbele ya ateri. Mjomba ana vyote viwili.

Alipewa aspirini, statini (dawa ya kushusha mafuta ya damu), na amri ya kutembea mpaka pindi libane, apumzike, aendelee. Statini anameza bila maneno. Amri ya pili ilileta mgogoro nyumbani, kwa sababu shangazi aliona ni ukatili kumwambia mtu mzima ajiumize kwa makusudi. Isitoshe, ule ucheshi aliouzua ili apumzike ukawa umemganda: kila kona watu sasa wanamsubiri wao, wanamvuta kwenye benchi, wanammiminia kahawa. Akahamisha matembezi baada ya swala ya alfajiri, wakati wauza kahawa bado wanakoka moto, na anapita barabara zenye namba kubwa ambako hafahamiki sana.

Juzi alinifuata maabara, kanzu safi, akiwa na pesa kwenye bahasha. Kijana mmoja msikitini alimwambia kuna kipimo cha damu kinaonyesha kama miguu inapona. Nilimwambia kipo, kisha nikamuuliza kama ameangalia ndani ya viatu vyake. Hakuwa ameangalia. Mshono wa kiatu cha kulia ulikuwa umeanza kumchubua kidole kidogo, na kwa ganzi yake hakuusikia. Bahasha ile tuliipeleka kwenye mitumba ya soko la Mgandini, tukatafuta raba pana mbele, zisizo na mshono ndani, namba moja juu ya anayovaa. Muuzaji alitaka elfu thelathini na tano. Mjomba alisimama pale akibishana naye kwa muda mrefu sana, na safari hii ilikuwa ni bei tu.